Mzazi asiye na mtoto mgongoni: barua ya wazi kwa wakubwa wa afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma na Mganga Mkuu wa Mkoa,
Waheshimiwa Wabunge wetu, kuanzia Kakonko hadi Uvinza.

YAH: WANAWAKE WANAOPOTEZA UJAUZITO KWA SABABU YA KASORO ZA MTOTO, NA SONONA INAYOWAFUATA NYUMBANI

Waheshimiwa,

Shikamooni mlio wakubwa wangu. Wengine habari za kazi.

Mimi ni mkunga mstaafu wa hapa Kasulu. Kazi yangu yote nimeifanyia mkoani humu, kuanzia zahanati ya kijijini hadi wodi ya wazazi, na mpaka leo wanawake wa mtaani kwangu wakipatwa na jambo la uzazi hupita kwangu kabla ya kupanda bodaboda kwenda kituoni. Naandika kwa ajili ya wachache kati yao ambao hakuna anayewaulizia. Ni wale walioambiwa kwamba mtoto aliye tumboni hataishi, ujauzito ukasitishwa kwa uamuzi wa daktari au wakaubeba mpaka mwisho wakijua, kisha wakarudi nyumbani mikono mitupu. Wengi wao wanaugua sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na hakuna anayewapima.

Nianze na lililo zuri, maana lipo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya utafiti wa 2015/16. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akapewa tuzo ya Gates Goalkeepers kwa kazi hiyo. Sisi wa Kigoma tuna mchango wetu humo. Kuanzia 2006, kwa ufadhili wa taasisi ya Bloomberg, vituo vya afya vya huku vijijini viliwekewa vyumba vya upasuaji na madaktari wasaidizi wakafundishwa kupasua, wakati wapo waliokuwa wakisema kwamba upasuaji ni kazi ya hospitali kubwa tu. Wakunga tulioanza kuwapeleka wagonjwa wetu kwenye vyumba vile tunajua nani alikuwa sahihi.

Lakini takwimu hiyo inahesabu waliokufa, na huyu ninayemsemea hakufa. Alitoka getini kwa miguu yake, presha iko sawa, damu haitoki kupita kiasi, na kwenye rejesta ya MTUHA, kile kitabu cha takwimu za kituo, akaandikwa mzima. Kitabu kikafungwa.

Kasoro zenyewe hazifanani, na hapa naomba tuwe waangalifu. Mtoto wa mgongo wazi au wa kichwa kikubwa anaweza kufanyiwa upasuaji, akaenda shule, akakua. MOI, yaani Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, ni kazi yao ya kila siku, na hospitali ya Bugando kule Mwanza nako wanafanya. Sitaki mtu aichukue barua hii akaitumia kusema mtoto mwenye ulemavu asizaliwe. Nimewapokea watoto hao kwa mikono yangu, na baadhi yao leo wananiamkia sokoni. Ila yupo pia mtoto anayeumbika bila sehemu ya juu ya fuvu na bila sehemu kubwa ya ubongo. Huyo haponi popote duniani. Akizaliwa hai huishi saa chache, pengine siku chache. Yupo asiye na figo zote mbili, ambaye maji ya uzazi hayapatikani kwake na mapafu yake hayakui. Wote hawa, anayetibika na asiyetibika, mama zao huambiwa sentensi ileile moja, kwamba mtoto ana matatizo, na anayefuata anaitwa.

Mimba ya mtoto asiye na fuvu ina visa vyake. Maji hujaa kupita kiasi kwa kuwa mtoto hamezi inavyotakiwa, tumbo linakuwa kubwa kuliko miezi yake, mama anashindwa hata kulala chali. Mara nyingine hupitiliza tarehe, kwa sababu sehemu ya homoni zinazosaidia uchungu kuanza hutoka kwa mtoto mwenyewe. Mfikirieni mama huyo akipita soko la Mwanga, tumbo limetangulia, kila anayekutana naye anampa hongera na kumuuliza anajifungua lini. Yeye anajua anachokibeba.

Mama mmoja wa vijiji vya mwambao wa Uvinza, kule ambako barabara ni ziwa, alisafiri kwa boti usiku kucha kuja kupigwa utrasaundi kwa sababu tumbo lilikuwa limezidi. Alipewa majibu akiwa bado kitandani, gauni limepandishwa, jeli ya kipimo haijafutwa tumboni. Mlango ulikuwa wazi na wanawake wengine wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu, wanasikia. Mumewe alikuwa nje ya geti ananunua maji ya kunywa. Mama yule aliikunja ile karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akanigeukia: “Mama, sasa nikamwambie nini?”

Kumpa mtu habari ya namna hiyo kuna utaratibu, na hauhitaji fedha za mradi. Afutwe tumbo, avae, akae kwenye kiti. Mlango ufungwe. Aitwe mume, dada au mtu yeyote aliyekuja naye. Aambiwe kwa Kiswahili cha kawaida, au kwa Kiha kama ndicho anachokielewa vizuri, ni kitu gani kimeonekana, kama mtoto anaweza kuishi au hawezi, na kama kipimo kitarudiwa na mtaalamu mwingine kabla ya kuamua lolote. Halafu apewe nafasi ya kwenda kulala na kurudi na maswali, maana siku ile hasikii chochote baada ya sentensi ya kwanza. Aelezwe pia, tena zaidi ya mara moja, kwamba hakusababisha yeye. Mimi nimeulizwa kama ni zile ndoo za maji, kama ni kulala na mume, kama ni ile dawa ya malaria.

Sheria nayo haijatusaidia sana. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 150, inampa anayetoa mimba kinyume cha sheria hadi miaka 14 jela, na kifungu cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Kifungu cha 230 kinamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Kasoro ya mtoto peke yake haikutajwa. Wakati huohuo nchi yetu iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, na ibara yake ya 14 inazitaka nchi kuruhusu mimba isitishwe na wataalamu pale ujauzito unapohatarisha afya ya akili na ya mwili ya mama, au uhai wa mama au wa mtoto aliye tumboni. Wenzetu wa Ethiopia, katika sheria yao ya jinai iliyoanza kutumika 2005, waliandika wazi kwamba kasoro kubwa isiyotibika ni sababu ya kuruhusu mimba isitishwe.

Katikati ya karatasi hizo anasimama daktari wa wilaya saa nane usiku. Mmoja anasitisha kwa kuwa maji yamezidi na mama anahema kwa shida. Mwingine, kwa mgonjwa wa aina ileile, anasema rudi tarehe ikifika. Wote wawili wanaogopa, na siwalaumu. Nikiulizwa maoni yangu, nasema mwanamke aliyebeba mtoto asiye na fuvu apewe nafasi ya kuchagua, kusitisha au kuendelea, na akichagua lolote lile asiachwe peke yake. Lakini kubadili sheria ni kazi ya Bunge na wapo wanaobishana juu ya jambo hilo; leo siombi hilo. Naomba mwongozo wa maandishi: jopo la kina nani likae, likae ndani ya muda gani, nani asaini. Na mama apewe karatasi yenye mhuri wa hospitali inayoeleza kilichotokea, ili akifika kijijini asije akagongewa mlango na mtu anayetaka kujua mimba imekwenda wapi.

Baada ya uamuzi kuna leba, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Ujauzito wa miezi mitano au sita hauondoki kama jino linavyong'olewa. Mama anaanzishiwa uchungu kwa dawa, anaumwa kama mzazi mwingine yeyote, pengine siku nzima na zaidi, na mwisho anasukuma. Kisha analazwa wodi ileile ya waliojifungua. Siku ya tatu hivi maziwa yanaingia. Kichanga cha kitanda cha jirani kikilia, maziwa yanatoka yenyewe, kanga inalowa kifuani. Nimewaona wakigeukia ukutani wakijikaza kitenge kwa nguvu zote. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba maziwa yatakuja, wala kwamba kitambaa cha maji baridi na sidiria inayoshika vizuri husaidia, wala kwamba wasikamue kupita kiasi kwa sababu kukamua kunayaita zaidi. Kitanda kimoja nyuma ya pazia, mbali na vichanga, nacho kinahitaji mfadhili?

Nyumbani kwetu mtoto wa namna hii hawekewi matanga. Kina mama wazee wanamzika kimyakimya, mara nyingi mama mwenyewe akiwa bado hospitali, na akirudi anaambiwa asilie sana, Mungu atampa mwingine. Baba naye kesho yake yuko shambani au ziwani na hakuna anayempa pole. Halafu maneno yanaanza. Mara katoa. Mara mke mwenza kamfanyia dawa. Mara alimcheka mlemavu akiwa mjamzito. Yule wa mwambao, mama mkwe wake alilirudisha beseni la kumwogeshea mtoto kwa jirani aliyewaazima kabla hata hajampa pole mkwewe.

Hapo ndipo sonona inapoingia, na si kwa wetu tu. Uholanzi, ambako jambo hili ni halali, watafiti waliwafuatilia wanawake 147 waliositisha ujauzito kwa sababu ya kasoro za mtoto, na matokeo yakachapishwa 2009. Miezi minne baada ya tukio, asilimia 46 walikuwa na dalili nzito za kiwewe na asilimia 28 walikuwa na sonona. Ilipofika miezi 16, kiwewe kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 20.5 na sonona hadi 13. Kwa hiyo wengi hupata nafuu kadiri muda unavyokwenda, na hilo wanawake wetu waambiwe, linatia moyo. Lakini mwaka na zaidi umepita na bado kuna waliobaki gizani, tena katika nchi ambayo hakuna anayewatishia jela.

Ya kwetu haiji ikijitambulisha. Mama anakuja kituoni anasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mwili wote unauma, usingizi hakuna. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, anaandikiwa dawa ya malaria. Wiki ijayo ni taifodi. Inayofuata ni U.T.I. Nyumbani ameacha kupika, ameacha kwenda kanisani au kwenye kikoba, shamba la maharage limejaa magugu, na mume anawaambia watu kwamba mke amekuwa mvivu. Wapo wanaofika mahali pa kusema wanatamani walale wasiamke. Maneno hayo yakisikika, mtu huyo asiachwe peke yake hata usiku mmoja, apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

Sasa nifike kwenye ombi lenyewe.

Mama aliyejifungua mtoto hai ana mahudhurio yake, kuanzia saa 48 za mwanzo hadi siku ya 42. Kwa kanuni hata aliyepoteza mtoto ni mzazi na anastahili kurudi. Kwa vitendo, kinachomrudisha mama kliniki ni chanjo ya mtoto. Asiye na mtoto hana cha kupeleka. Na nani atakwenda kukaa kwenye benchi lile, katikati ya wenzake wenye vichanga mgongoni, asubiri nesi apaze sauti, “Mama, mtoto yuko wapi?” Haendi, wala msimlaumu. Kwa kutokwenda anapotea kabisa: titi likivimba na kutunga usaha hakuna wa kumwona, damu ikipungua hakuna wa kuipima, uzazi wa mpango hakuna wa kuuzungumzia, na sonona inajiendea.

Kuna kingine anachokikosa, na hiki kinaniuma kama mkunga. Mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba. Vidonge vya fefo, vyenye madini ya chuma na foliki asidi, tunavyowapa kliniki mwezi wa nne au wa tano vinasaidia damu, lakini kwa kasoro hizo vimechelewa. Foliki asidi inatakiwa itangulie mimba, mikrogramu 400 kwa siku. Kwa mwanamke ambaye mtoto wake mmoja alikuwa na mgongo wazi au hakuwa na fuvu, hatari ya kurudiwa ni kubwa kuliko ya wengine, na Shirika la Afya Duniani linasema apewe miligramu 5, zaidi ya mara kumi ya dozi ya kawaida, kabla hajabeba tena. Nani atamwambia, kama hana siku ya kurudi? Serikali ilitunga kanuni mwaka 2011 ili unga wa viwandani uongezewe virutubisho, foliki asidi ikiwemo, ni jambo jema. Lakini nendeni Heru Juu au Buhigwe mle chakula cha huko: ni ugali wa muhogo, au wa mahindi yaliyosagwa kwenye mashine ya kijijini. Kirutubisho cha kiwandani hakifiki kwenye sufuria hiyo.

Naomba basi kila mwanamke anayetoka wodini bila mtoto, iwe kwa kasoro, iwe mtoto mfu, iwe mimba kubwa iliyoharibika, aandikiwe kwenye kadi yake tarehe mbili za kurudi, wiki ya pili na wiki ya sita. Arudi alasiri, kliniki ya watoto ikiwa imekwisha, aingie kwenye chumba, akutane na mkunga aliyemhudumia ikiwezekana. Aulizwe maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, je, umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Akijibu ndiyo, aendelee na yale maswali tisa ya kupima sonona ambayo yameshatafsiriwa kwa Kiswahili na kutumika nchini. Ni suala la dakika kumi. Nimewahi kumaliza muda mrefu kuliko huo nikitafuta kalamu ya kuandikia rejesta.

Asiyekuja afuatwe. Mwaka 2024 mlizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, vijana wa vijiji vyetu wenyewe. Wafundisheni jambo hili pamoja na yale ya chanjo na vyandarua. Kule Pakistani vijijini wahudumu wanawake wa ngazi hiyohiyo, wasio wataalamu wa magonjwa ya akili, walifundishwa kukaa na wajawazito na wazazi wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu. Matokeo yalichapishwa 2008: baada ya miezi sita tangu kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, na kwa wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo walikuwa asilimia 53. Harare, Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, aliwafundisha mabibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti wa 2016 ukaonyesha wanapona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi wa kusikiliza Kigoma haina upungufu nao, ilimradi wafundishwe kwanza kutosema “utazaa mwingine”.

Wenye hali nzito wapate dawa karibu na kwao. Amitriptilini imo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu na bei yake si ya kutisha. Ila wenzangu wa dirisha la dawa wanisikilize: nyingi kwa mkupuo mmoja inaua. Mama anayetamani kufa asikabidhiwe pakiti ya mwezi mzima. Apewe ya siku chache, na ndugu ndiye azishike dawa hizo. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, na wengi wa hawa hawahitaji kufika Mirembe.

Mtasema bajeti. Nimeorodhesha kiti, mlango unaofungwa, tarehe mbili kwenye kadi, mhuri, vidonge vya foliki asidi na somo la ziada kwa wahudumu ambao mnawafundisha hata hivyo. Kigezo cha kunijibu kisiwe uchache wa wanawake hawa. Hata wale waliokuwa wakifa kwa kukosa upasuaji, ukiwatazama kijiji kimoja kimoja, walikuwa wachache.

Kikao kijacho cha Kamati ya Ushauri ya Mkoa kiipe ajenda hii nafasi, na uamuzi wenu, uwe ndiyo au hapana, ubandikwe kwenye mbao za matangazo za zahanati na vituo vya afya ili wanawake wenyewe wausome. Mkiamua kuanza na kituo kimoja cha majaribio hapa Kasulu, niiteni. Alasiri zangu ziko wazi na sidai posho.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkunga mstaafu,
Kasulu, Kigoma.